Muhula wa R na L

Jumatatu, 9 Mei 2005. Kitale

Prinsipo Kiplagat amempa kila mwalimu daftari jipya na kutuagiza tuandike "maendeleo ya kila wiki". Mimi nimechukua mawili. Moja nitamwandikia yeye uongo wa kawaida. Hili nitajiandikia mwenyewe, Jairus Wakoli, mwalimu wa muziki, miaka hamsini na mmoja, sauti ya besi, goti la kushoto bovu.

Habari ya leo ni fupi na chungu. Kozi yetu ya uimbaji na upigaji ala, niliyoianzisha katika chuo hiki wakati chuo chenyewe kilikuwa mabati manne na kengele, inatakiwa iwe na watahiniwa wanane kufikia Ijumaa, tarehe mosi Julai. Wasipotimia wanane, kozi inafungwa, na chumba changu watapewa watu wa uuguzi wamlaze yule mwanasesere wao wa plastiki wa kufanyia mazoezi. Mimi nina wanafunzi saba. Nilimwuliza Prinsipo kama saba haiwezi kuitwa nane kwa imani. Hakucheka.

Jumatano, 11 Mei

Mvua. Kinanda kimevimba kwa unyevu, noti tatu zimekwama.

Ijumaa, 13 Mei

Sista Chemutai amekuja chumbani kwangu. Huyu ndiye mkuu wa uuguzi, mama wa Kapsokwony, mfupi, mwenye kutembea kama anayefuatwa na kengele. Nilidhani amekuja kupima madirisha. Kumbe anataka kile kisanduku changu cha kupimia mwendo wa wimbo.

"Hiyo kitu yako ya tik tik inaweza kupiga sitini kwa dakika?"

"Sitini, mia, mia na arobaini. Inategemea umeiambia nini."

"Basi nisaidie, Mwalimu. Watoto wangu wanahesabu mapigo ya mkono mmoja, huyu anapata sitini na mbili, yule tisini. Mkono ni ule ule! Hawana mwendo kichwani. Wafundishe."

Nilikubali haraka kuliko heshima inavyoruhusu. Wanafunzi wa uuguzi ni thelathini na wanne, na mimi namtafuta mmoja tu.

Jumatatu, 16 Mei

Somo la kwanza kwa wauguzi. Wamekaa na sare zao za buluu, kalamu tayari, kana kwamba muziki ni kitu cha kunakili. Niliwasha kisanduku kikapiga sitini, wakakifuata kwa vidole mezani. Kisha nikakizima, nikawaambia waendelee kuhesabu moyoni na kila mtu ainue mkono dakika ikitimia. Mikono ya kwanza iliinuka kwenye sekunde ya arobaini na tatu. Mtu anayehesabu hivyo akija kunipima mimi, nitaambiwa nimekufa.

Msichana mmoja dirishani aliinua mkono wake sekunde ya sitini kamili. Nikadhani amebahatisha. Tukarudia, akainua sitini. Nikamwambia ahesabu kwa kuimba, noti yoyote anayoitaka. Aliimba mpaka sitini bila noti kushuka hata unywele mmoja, sauti nene, safi, ya alto ambayo sijaisikia katika chuo hiki tangu mwaka wa tisini na nane.

Halafu akafungua kinywa kusema, "Nimemariza, Mwarimu."

Jina lake ni Phelista, kwao Bumula, mwaka wa kwanza. Ulimi wake ni ule wa nyumbani kwetu, l inakuwa r na r inakuwa l bila kuomba ruhusa. Ninaujua vizuri, maana nilizaliwa nao Kabuchai. Mwaka wa 1975, katika chuo cha ualimu, niligombea ukiranja. Nilisimama mbele ya watu mia mbili nikasema, "Ndugu zangu, kila mmoja apige kula yake kwa amani." Siku ya uchaguzi walikuja na sahani na vijiko, wakazipiga mlangoni kwangu. Waliniita Kula mpaka tulipohitimu. Kuanzia siku hiyo nilikaa na kamusi na kioo mpaka ulimi ukanyooka, na tangu hapo nimeunyoosha wa kila mtu aliyepita mikononi mwangu. Isipokuwa wa mke wangu Peris. Nilimsahihisha mara moja mwaka wa themanini na moja, akaninyamazia siku tatu.

Alto! Na ana sikio. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 19 Mei

Nimemwomba Phelista aje saa ya chakula cha mchana tujaribu sauti yake. Amekuja na chapati mkononi.

Jumanne, 24 Mei

Amekuja tena. Wanafunzi wangu saba wamemkubali, hata Zahid, kijana wa Bungoma mjini anayepiga kinanda na ambaye hukubali watu kwa shida. "Huyu si wa sindano, bana," akaniambia. "Huyu ni wetu."

Jumatatu, 30 Mei

Mahindi yamefika magotini na mvua haina dalili ya kuchoka. Leo tumeshughulika na neno moja saa nzima. Wimbo wangu wa mtihani, nilioutunga mwenyewe, unamhusu mtu aliyetoka kwao zamani na sasa anarejea. Phelista kila akifika pale anaimba "anaregea".

"Rejea," nikasema. "J. Kama jembe."

"Anaregea."

"Kinacholegea ni kamba, Phelista. Mtu anarejea. Ukisema regea, msikilizaji hajui kama mtu wako amefika kwao au ameanguka njiani."

Alicheka, akajitahidi. Nimemwekea kalamu kati ya meno, dawa yangu ya miaka yote. Baada ya mara thelathini hivi ikatoka "anarejea", nzuri, yenye kung'aa. Darasa likapiga makofi. Sasa mimi mwenyewe nikisikia "regea" popote, hata sokoni, kichwa changu kinaitengeneza kabla haijafika chini.

Jumatano, 1 Juni. Madaraka

Sikukuu. Tumepalilia mboga. Nilimweleza Peris juu ya Phelista, kwa kirefu, nadhani mara ya tatu. Alisikiliza, akang'oa magugu, kisha akauliza, "Huyo msichana wa watu ameritaka hiri jambo, ama ni wewe umeritaka?"

Nikamwambia kipaji hakiulizwi, kinaongozwa.

"Haya," akasema. Nyani haoni kundule: hilo hakulitamka, alilisema kwa macho tu.

Ijumaa, 3 Juni

Mvua. Noti ya nne imekwama.

Alhamisi, 9 Juni

Ametia sahihi! Fomu ya kuhama kutoka uuguzi kwenda muziki, nakala mbili, jina lote kwa herufi kubwa. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Alisema mama yake hatafurahi, lakini akiimba anasikia kama amekaa kwake. Nikamwambia mama zetu wote hawakufurahi. Fomu iko kwenye droo yangu, naisubiri wiki ya mwisho niipeleke pamoja na orodha, Sista Chemutai asipate muda wa kunizuia. Najua ni ujanja. Nimefundisha kwa haki miaka ishirini na sita. Nimeona nijikopeshe ujanja mmoja.

Wanane.

Jumanne, 14 Juni

Sista Chemutai amejua. Sijui nani amemwambia. Katika chuo hiki kuta zina midomo. Alinikuta kwenye chumba cha walimu, akasimama mbele yangu na kikombe chake cha chai bila kukaa.

"Mwalimu, nilikuomba ufundishe watoto wangu kuhesabu. Sikukuomba uwahesabu wako."

"Sista, ana miguu yake. Amekuja mwenyewe."

"Ana sikio. Muuguzi mwenye sikio mimi napata mmoja kwa miaka mitano."

"Mwimbaji mwenye sikio mimi napata mmoja kwa miaka kumi."

Alikunywa chai yote akinitazama. Nilingoja matusi. Badala yake aliniambia kwamba wiki ijayo, Alhamisi, anawapeleka wanafunzi kituo cha afya karibu na Kabuchai, siku ya kliniki ya watoto, na akina mama huwa wengi na huchoka kungoja. "Njoo utuongozee nyimbo. Huko ni kwenu. Na uone kile unachukua kabla hujachukua."

Nilikubali. Mwizi akikaribishwa chakula hawezi kukataa.

Jumatatu, 20 Juni

Mazoezi. Sauti nane kwa mara ya kwanza. Niligeuka nikatazama ukutani ili wasinione uso.

Alhamisi, 23 Juni. Kabuchai

Naandika nikiwa nyumbani kwa ndugu yangu, sikurudi Kitale. Nitaandika kwa utaratibu, kama ilivyokuwa, nisijipunguzie.

Tulifika saa tatu. Benchi zilikuwa zimejaa mpaka nje, akina mama na watoto mgongoni, matope mlangoni. Niliimbisha nyimbo mbili, ya kunawa mikono na ya chanjo, wakaitikia vizuri. Kisha karani wa pale hakuwa amefika, na Sista akanipa meza ndogo na rundo la kadi. Kazi ilikuwa rahisi: kila anayeingia, niandike jina la mtoto, umri, na anasemaje. Wagonjwa kadi zao ziende juu. Waliokwisha pona na wamerudi kupimwa uzito tu, kadi ziende chini, wataitwa mwisho.

Nilifurahia. Mwandiko wangu ni mzuri na sikuuficha.

Mtu wa kumi na kitu alikuwa bibi mmoja mzee, Kukhu Nangila (kukhu kwetu ni bibi), amembeba mjukuu wa kike, Nekesa, miezi minane. Mama wa mtoto yuko kazini kwenye miwa. Mtoto aliharisha siku mbili, jana walikuja, wakapewa dawa ya kuchanganya na maji, wakaambiwa warudi leo.

"Sasa mtoto yuko namna gani, Kukhu?"

"Ameregea," akasema.

Na mimi, Jairus Wakoli, niliyezaliwa kilomita tatu kutoka benchi lile, niliyenyonyeshwa na mama asiyewahi kutamka l mahali pake maishani mwake, nilisikia "amerejea". Amerejea hali yake. Nikasema, "Tumshukuru Mungu." Yule bibi alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Ndiyo, Mwarimu." Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, "Amerejea hali yake," na kadi nikaiweka chini kabisa.

Alikaa pale mbele yangu saa nzima na dakika kumi. Watoto wengine walilia, wakakojoa, wakavuta kadi. Nekesa alilala kimya kwenye bega lake. Naomba niandike na hili pia: nilimsifu. Nilimwambia bibi, "Una mtoto mtulivu."

Phelista alitoka ndani kuchukua kadi nyingine. Alikuwa akizipitia anapotembea, akasimama. Alisoma ile ya chini, akamtazama mtoto, akarudi kwangu.

"Mwarimu, hapa umeandika ati amerejea. Nani amesema?"

"Bibi yake."

Alipiga magoti mbele ya yule mzee palepale kwenye matope. "Kukhu, mtoto amefanya nini?"

"Si nimesema," akajibu bibi. "Ameregea. Hata shingo haisimami."

Amelegea. Hakupona. Alikuwa analegea mbele ya macho yangu kama kamba, kama nilivyofundisha mwenyewe kwa kalamu kati ya meno, na mimi nikaandika kwamba amefika nyumbani.

Phelista alifunua tumbo la mtoto, akaifinya ngozi kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama. Akamnyakua mtoto akakimbia naye ndani akiita, "Sista! Sista!" Nikafuata. Sijui nilifuata nini, sina kazi ninayoijua mle ndani. Sista Chemutai alimlaza mezani, akatazama macho yaliyoingia ndani, akasema, "Phelista, pumzi, hesabu kwa sauti," na yeye akaanza kutafuta mshipa. Mkononi hakupata. Mguuni hakupata. Na wakati wote ule sauti ya Phelista ilikuwa inahesabu, moja, mbili, tatu, bila kupanda, bila kukimbia, mpaka mwisho wa dakika, akataja idadi, akaanza upya bila kuambiwa. Ile alto yangu. Sista akapata mshipa kichwani, mara ya tatu. Maji yakaanza kushuka.

Basi la chuo likawapeleka hospitali Bungoma, Sista amebeba chupa juu. Hapakuwa na nafasi yangu, wala sikustahili.

Kabla hawajaondoka Sista alimwuliza yule bibi, si kwa ukali, kwa nini hakusema mapema kwamba mtoto amezidiwa.

"Nirisema," akajibu. "Mwarimu akashukuru Mungu. Nikafikiri anajua kitu mimi sijui."

Ijumaa, 24 Juni

Hakuna habari. Simu ya ndugu yangu haina mtandao mpaka upande kichuguu nyuma ya zizi. Nimepanda mara sita na goti hili.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Langu lilisikia kila kitu isipokuwa mtu. Nimekaa mchana kutwa nikijaribu kukumbuka sauti ya mama yangu akisema neno lolote lenye l, na kila ninapomsikia, nasikia nimemsahihisha. Nimeona aibu ambayo sikuiona hata siku ya sahani na vijiko. Ile walinitia wengine, hii nimejitia mwenyewe.

Jumamosi, 25 Juni

Sista amepiga simu saa nne asubuhi, nikiwa juu ya kichuguu. Nekesa amenyonya. Kisha akasema, "Mwalimu, hata mimi nilikosa. Nilikupatia kazi ambayo haukufundishwa. Rudi Kitale." Nilimdhania jenerali huyu mama.

Jumapili, 26 Juni. Kitale

Kanisani niliomba mtu mwingine aongoze kwaya. Nimemwambia Peris yote. Nilimaliza kwa kusema kwamba kesho naichana ile fomu ya Phelista, kwa sababu sasa nimeona mahali pake ni wapi.

Peris aliweka sufuria chini. "Ni karatasi yako, hiyo?"

"Iko kwa droo yangu."

"Sikuuriza droo. Wiki tatu zimepita uriamua huyu mtoto ataimba. Sasa umeamua hataimba. Yeye ataamua rini?"

Sikuona kosa lolote katika alivyolisema.

Jumanne, 28 Juni

Nimempa Phelista fomu yake, nakala zote mbili. Nilimwambia ukweli wote kwa mpigo: kwamba namhitaji, kwamba bila yeye chumba hiki kinafungwa, na kwamba siku ile nimemwona akifanya kitu ambacho mimi sikijui jina. Nikamwambia akiniletea nitaipeleka, asipoleta sitauliza.

"Kwa nini unanirudishia, Mwalimu? Nilikosea kuimba?"

"Hapana. Mimi ndiye nilikosea kusikia."

Alizikunja zile karatasi mara nne akaweka mfukoni mwa sare. Sasa anatamka l zake zote mahali pake, tik, tik, kama nilivyomfundisha. Nilipomsikia akisema "Mwalimu" nilitamani kumwomba arudishe ile nyingine.

Jumatano, 29 Juni

Hajaja.

Alhamisi, 30 Juni

Hajaja. Zahid amenishauri tuandike jina la binamu yake, ambaye anauza viatu Bungoma. "Si ni jina tu, Mwalimu? Nani atajua?" Nilimwambia mimi nitajua. Akasema hiyo ndiyo shida ya watu wazee. Nilitamani sana kukubali.

Ijumaa, 1 Julai

Alikuja saa sita, mikono inanuka dawa ya kusafishia. Wanafunzi wangu saba walikuwa mle chumbani, hakuomba watoke.

"Nimefikiria, Mwalimu. Nimeongea pia na mama. Nitabaki kwa nursing."

Nikasema sawa. Nilidhani atakwenda, lakini alikuwa bado na neno.

"Usifikiri ni juu ya yule mtoto peke yake. Napenda kuimba kushinda hata wewe unavyojua. Lakini huku kwako nikikosa, unanipigia kelele, narudia. Kule nikikosa, hakuna kurudia. Sasa kama hii sikio niko nayo, naona ikae mahali hakuna kurudia."

Ana miaka kumi na tisa.

Aliwashika mkono wote saba, mmoja mmoja. Zahid alimwambia, "Umetumaliza, lakini fiti." Alipotoka niliandika orodha. Majina saba. Nilipiga mstari chini ya la saba, nikaandika tarehe, nikapeleka mwenyewe ofisini. Prinsipo Kiplagat aliisoma, akahesabu kwa kalamu, akasema, "Pole, Mwalimu." Alimaanisha, namjua. Hawa saba watafanya mtihani wao Bungoma, katika kituo cha chuo kingine, na baada yao hatutapokea tena.

Nilirudi chumbani, nikafunga mlango, nikalia. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hakuna aliyesikia.

Ijumaa, 8 Julai

Mafundi wamekuja kupima madirisha. Kumbe kuna siku wangekuja tu.

Jumatatu, 18 Julai

Mazoezi kutwa. Sehemu ya alto nimempa Hillary, ambaye ni teno, na anaimba kama mtu aliyevaa viatu vya dada yake. Itabidi.

Jumanne, 2 Agosti. Bungoma

Mtihani umekwisha. Kinanda cha watu kilikuwa kizima, noti zote zinalia, Zahid alikigusa akanitazama kama mtoto aliyepewa nyama. Waliimba wimbo wangu wa mwisho. Msahihishaji, mama mmoja mkali kutoka Nakuru, aliandika bila kuinua kichwa mpaka pale kwenye "anarejea", hapo akainua. Hillary alifika pale akaimba "anaregea", wazi kabisa, ukumbi mzima ukasikia. Niliendelea kuongoza vilevile. Nilijua anayemwimba amefika kwao.

Wote saba wamefaulu, wawili kwa sifa. Tulikula samosa karibu na msikiti, mama yake Zahid alitulisha mpaka tukaomba msamaha.

Ijumaa, 5 Agosti. Kitale

Prinsipo aliniita. Nilikwenda nikiwa nimevaa koti, maana mtu hafukuzwi bila koti. Sista Chemutai alikuwa amekaa mle ndani.

Wanataka nifundishe wauguzi, somo jipya, saa nne kwa wiki. Wao wameliita Mawasiliano na Wagonjwa. Nilimwambia Sista kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho katika wilaya hii anayefaa kufundisha somo hilo, yeye anajua kwa nini.

"Ndiyo maana," akasema. "Wewe hutasahau. Wengine wangu wote wanafikiri wanasikia."

"Nitafundisha kutoka kitabu gani?"

"Hakuna kitabu. Akina mama wa Kabuchai, wa Bumula, wa kwetu juu Kapsokwony, kila mmoja ana vile anasema mtoto ni mgonjwa. Nani ameandika? Likizo ni mwezi mzima. Nenda uandike."

Nikamwuliza kama nitapewa daftari. Prinsipo alicheka. Ni mara ya kwanza muhula huu.

Ijumaa, 12 Agosti. Kabuchai

Mvua imepungua, watu wameanza kuvuna. Nimekwenda kwa Kukhu Nangila. Kwa siku tatu nilikuwa nikiahirisha, mara goti, mara matope. Peris alisema atakuja anishike mkono kama mtoto wa nasari, basi nikaenda.

Alikuwa amekaa mbele ya nyumba akichambua maharagwe. Nekesa alikuwa kwenye gunia, amekaa mwenyewe, shingo imesimama, anamtupia kuku maharagwe ya bibi yake. Nilisimama pale na kofia mkononi, nikamsalimu kwa lugha yetu.

"Mulembe, Kukhu."

"Mulembe. Ni wewe, Mwarimu? Umekuja kuandika tena?"

"Nimekuja kuomba msamaha kwanza. Kuandika baadaye, ukikubali."

Alichambua maharagwe mengine kama kiganja kizima kabla ya kusema. "Mtoto ako hapa. Kaa chini."

Nilikaa. Nikamweleza kazi niliyopewa, kwamba nataka maneno yote wanayoyatumia hapa kumwambia daktari kuhusu mtoto mgonjwa, nikawafundishe wauguzi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Utaandika vire nasema, ama vire unapenda?"

"Vile unasema, Kukhu."

"Haya. Mtoto akianza kukauka maji, kwanza anarira bira machozi."

Kalamu yangu ilisimama. Miaka thelathini ya kamusi na kioo ilikuwa inanivuta mkono, naungama. Nikaandika hivyo hivyo, anarira bira machozi, kwa r zote tatu, na nikamsomea kwa sauti alivyolisema yeye.

"Ndiyo," akasema. "Sasa andika ya piri."